Paa la kituo kilichozimwa ni la nani?

Ndugu Mhariri,

Picha za vituo vya umeme vilivyotelekezwa mlizochapisha juma lililopita zinapendeza, lakini maelezo yake yanamfanya msomaji aamini kwamba majengo yale yamechakazwa na umri. Mimi niliyefanya zamu za kufua umeme kwa miaka mingi naona kilichoyachakaza ni maji, na maji hupata mwanya kwa sababu kituo huzimwa kabla hajapatikana wa kukitunza.

Mtambo ulio kazini hujikausha kwa joto lake wenyewe. Ukishapoa, unyevu hutua juu ya chuma kila alfajiri, na kutu hula kwanza ngazi na vijia vya wavu, palepale ambapo mpiga picha hukanyaga bila wasiwasi. Niliwahi kuingia, kwa ruhusa, katika chumba cha kuendeshea mitambo kilichokuwa kimefungwa muda mrefu. Mishale ya mita zote ilikuwa imelala kwenye sifuri, rangi ya ukuta imebambuka ikajikunja kama maganda ya kitunguu, na njiwa walikuwa wamejenga kiota juu ya meza ya msimamizi wa zamu. Nyuma ya swichi hapakuwa na waya hata mmoja. Wezi walikuwa wamebeba shaba yote, wakayachana mabomba na kuacha asbestosi (nyuzi za madini za kuzuia joto) iliyoyafunika imetapakaa sakafuni, kwani hiyo haina mnunuzi.

Kituo cha umeme cha Battersea, London, ni mfano mzuri wa ninachosema. Ilizima mitambo mwaka 1983. Paa likaondolewa ili pajengwe uwanja wa burudani, fedha zikaisha, na ukumbi wa boila, yaani matangi ya kuchemshia maji, ukabaki wazi kwa mvua miaka mingi. Dohani zake nne zilichakaa hata ikabidi zibomolewe na kujengwa upya kabla jengo halijafunguliwa tena mwaka 2022. Kule Soweto, Afrika Kusini, kituo cha Orlando kilizimwa mwaka 1998, nayo minara yake miwili ya kupozea maji ikapakwa michoro na watu sasa hujirusha kutoka juu yake wakiwa wamefungwa kamba. Mchezo huo haunivutii, lakini walau minara imepata wa kuiangalia.

Kubomoa nako si kazi ya kuharakishwa. Kituo cha Didcot A, Uingereza, kilizimwa mwaka 2013. Februari 2016, jengo la boila lilipokuwa likitayarishwa kubomolewa, liliporomoka na kuua wafanyakazi wanne.

Naomba basi, mtakapochapisha picha nyingine za aina hii, chini yake mwandike mwaka kituo kilipozimwa, pamoja na jina la taasisi inayowajibika kuziba paa lake.

Mfua umeme mstaafu