Mpelelezi mchawi asituletee maono badala ya ushahidi

Ndugu Mhariri,

Nimesoma kwa makini makala ya mhakiki wenu kuhusu mfululizo wa riwaya za upelelezi ambamo mpelelezi ni mwanamke mchawi, mfuasi wa upagani mamboleo, nami nakubali kwamba wazo hilo lina mvuto. Ninachopingana naye ni sifa anazozimiminia sura za mwisho, ambamo mpelelezi huwasha mshumaa, hufumba macho na kuoneshwa sura ya muuaji. Kwangu hiyo ndiyo kasoro kubwa ya riwaya za aina hii.

Kabla ya hapo, neno moja kuhusu jina. Katika Kiswahili mchawi ni mtu anayedhuru. Anayetibu na kuzingua tunamwita mganga, na msemo "mchawi mwema" unagongana wenyewe kwa wenyewe. Mhusika huyu, hata hivyo, ni mfuasi wa Wicca, dini ambayo Gerald Gardner aliitangaza hadharani nchini Uingereza katika miaka ya 1950, baada ya sheria ya uchawi ya mwaka 1735 kufutwa mwaka 1951. Wafuasi wake husherehekea sikukuu nane zinazofuata mzunguko wa majira, wengi humwabudu mungu wa kike pamoja na mungu wa kiume, na kanuni wanayoitaja mara nyingi ni ile ya kutomdhuru yeyote. Mfasiri atakayepata neno la kumtaja mtu wa namna hii bila kumtia katika kapu moja na walozi atakuwa ametufaa sana. Mimi sijalipata, ndiyo maana naendelea kusema mchawi, ingawa kwa shingo upande.

Sasa nirudi kwenye maono. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri Mkatoliki aliyekuwa pia mtunzi wa hadithi za upelelezi, aliandika kanuni kumi za utanzu huo, na mojawapo inakataza nguvu zilizo nje ya maumbile kutumika kufumbua fumbo. Inanifurahisha kwamba mtu aliyeikiri miujiza madhabahuni ndiye aliyeifungia mlango riwayani. Msomaji wa riwaya ya upelelezi yumo mbioni pamoja na mpelelezi, akiokota vidokezo vilevile, na maono yakiingia huwa ameibiwa ushindi wake.

Lakini kwa mpelelezi mchawi ipo sababu nzito kuliko haki ya msomaji. Katika kesi za uchawi za Salem, Massachusetts, katika Marekani ya leo, mwaka 1692, mahakama ilikubali ushahidi wa watu waliodai kwamba kivuli cha mshtakiwa kiliwajia, kikawakaba au kuwachoma, wakati mwili wake ukiwa mahali pengine. Utetezi gani ungefaa hapo? Jirani angeweza kuapa kwamba mshtakiwa alilala nyumbani kwake usiku kucha, na bado isisaidie, kwa kuwa hakuna awezaye kushuhudia kivuli kilikuwa wapi. Watu 19 walinyongwa, na mzee mmoja aliyekataa kujibu mashtaka alikandamizwa kwa mawe hadi akafa. Mahakama mpya ya mwaka 1693 ilipoukataa ushahidi wa aina hiyo, karibu washtakiwa wote waliachiwa. (Waliouawa walikuwa Wakristo, si wapagani, jambo ambalo watunzi wa riwaya hizi husahau kwa urahisi.) Mwanamke anayejiita mchawi leo, na anayewataja watu wale kama wahanga wa jina lake, anapomtia mtu hatiani kwa kile alichokiona akiwa amefumba macho, anakalia kiti cha waliowanyonga.

Wala hayahitaji maono hayo, kwa sababu anao ujuzi ambao polisi wa kawaida hana. Mwaka 1994, huko Arkansas, Marekani, vijana watatu walitiwa hatiani kwa mauaji ya watoto watatu, na upande wa mashtaka ulidai kwamba yalikuwa kafara ya kishetani, ukitegemea pamoja na mengine vitabu na mavazi meusi ya mmoja wao, aliyejitambulisha kuwa mfuasi wa Wicca. Huyo alihukumiwa kifo. Walitoka gerezani mwaka 2011, wakiendelea kusema hawana hatia. Hapo ndipo mpelelezi mchawi angefaa: mtu wa kusimama mbele ya mchoro wa nyota yenye pembe tano na kusema kwamba aliyeuchora aliiga filamu. Angejua kwamba katika mapokeo mengi kisu cha ibada chenye makali pande mbili hakikati nyama wala kamba, hivyo kisu hicho kikikutwa na damu, ajiulize ni nani aliyekiweka pale. Angeweza pia kutofautisha shahidi anayenyamaza kwa kuwa ana hatia na yule anayenyamaza kwa kuogopa mwajiri wake ajue anaabudu nini. Hili la pili peke yake lingetosha kubeba riwaya nzima.

Basi namwomba mhakiki wenu, atakapouchambua mfululizo mwingine wa aina hii, atueleze iwapo muuaji angeweza kufikishwa mahakamani kwa yale yaliyokusanywa kabla mshumaa haujawashwa.

Wenu,
Msomaji wa riwaya za upelelezi