Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi: Korveti ya mtumba haifiki Mwanza

Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa,

Salaam kutoka Kirumba, Mwanza.

Julai 2023 India iliikabidhi Vietnam korveti yake (meli ndogo ya kivita) INS Kirpan, silaha zikiwemo, baada ya kuitumikisha miaka 32. Tangu wanamaji wa India waje Dar es Salaam Aprili 2025 kwa mazoezi ya kijeshi ya majini yaitwayo AIKEYME pamoja na wetu, vijana hapa mwaloni wanauliza: na sisi tutapewa lini?

Mimi nasema tusikimbilie. Vietnam ilipokea kitu inachokijua. Mzinga wa milimita 76 na makombora ya Kirpan vina asili ya Kisovieti, na mabaharia wa Vietnam walishavizoea vya aina hiyo. Wetu wamelelewa na boti za Kichina. Meli ya mtumba ni kama Noah ya mtumba: kuipata si kazi, kazi ni vipuri. Basi siku rafiki yeyote akikuletea meli, muulize vipuri vya injini vitatoka wapi, kwa miaka mingapi, na mafundi wetu watafundishwa na nani. Majibu yaandikwe ndani ya mkataba. Hotuba ya makabidhiano haifungi mtu.

Tena meli hiyo itaishia baharini, kwenye kambi ya wanamaji Kigamboni, Dar es Salaam. Kirpan ina urefu wa mita 91, karibu sawa na meli ya abiria MV Mwanza, lakini MV Mwanza iliundwa papa hapa Mwanza Kusini kwa sababu hakuna njia ya kupitisha meli ya ukubwa huo kutoka baharini hadi Ziwa Victoria lililo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hata MV Victoria ililetwa Kisumu vipande vipande kutoka Scotland. Na korveti ingefika, sijui makombora yake tungemwelekezea nani. Waganda?

Ziwa linataka kingine. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka tarehe 20 Septemba 2018, karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, wavuvi ndio waliowahi na mitumbwi yao. Giza lilipoingia, uokoaji ukasitishwa mpaka asubuhi. Walikufa watu zaidi ya 220. Novemba 2022 ndege ya abiria ilipoangukia majini Bukoba, waliowahi ni wavuvi walewale.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, mkiketi na marafiki kuzungumzia meli za bahari, ziwa nalo liwe mezani. Ombeni boti za doria na uokoaji zinazoweza kupanda lori bandarini Dar es Salaam, zenye rada na taa kali za kutafutia usiku, pamoja na vifaa vya wazamiaji. Zikifika zigawiwe Ukara, Ukerewe, Kome na Bukoba, zisirundikwe hapa mjini kusubiri wageni wa kupigwa nao picha. Mafuta na posho za zamu ya usiku vitengewe fungu lake kabla boti ya kwanza haijapokelewa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa injini za boti, Mwaloni Kirumba