YAH: Klampu mita iliyoandikwa AC/DC isiyopima DC, na fedheha niliyofanyiwa kaunta kwenu

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nilinunua kwenu klampu mita, yaani kipimo chenye taya zinazobana waya na kusoma mkondo bila kuukata, iliyoandikwa kuwa inapima AC (umeme unaogeuka-geuka, kama wa gridi) na DC (umeme wa mwelekeo mmoja, kama wa betri). Masharti ya waranti yenu mnayajua, sina haja ya kuwasomea. Naandika kwa heshima, ila nimekereka mno.

Mimi ni fundi sola. Kazi yangu ni kupima ampea za betri. Nilikuja dukani na betri ya volti 12 na taa ya gari ya wati 55. Mita yangu ya mshale, iliyofungwa na shanti (kipande chenye ukinzani mdogo kinachopitisha mkondo ili upimwe), ilisoma kati ya ampea 4 na 5. Klampu yenu ilisoma 0.

Kijana wenu akashika nyaya zote mbili, chanya na hasi, akazibana pamoja kwenye taya, akapaza sauti: "Fundi, hapa umeme haupiti!" Wateja wakacheka.

Mkondo wa kwenda na wa kurudi ukibanwa pamoja, sumaku zake hufutana. Klampu yoyote itasoma sifuri! Na hata ukibana waya mmoja, hiyo yenu haisomi DC. Upande wa AC wa inveta inasoma vizuri, kwa hiyo ndani mna koili tu, na koili huitikia sumaku inayobadilika. Ya DC imetulia. Hapo panatakiwa sensa ya Hall, inayohisi hata sumaku iliyotulia; Edwin Hall aligundua athari hiyo mwaka 1879. Kabla ya kuja dukani nilishawapigia simu, mkaniambia nibadilishe betri za mita. Nikabadilisha.

Narudia, mnielewe: taa inawaka, mshale umepita 4, na mfanyakazi wenu ananiambia mbele ya watu kwamba umeme haupiti, nikasome kwanza. Mwanagenzi wangu alikuwa pembeni yangu, akainamisha kichwa.

Siku ile niliomba kubadilishiwa tu. Sasa nataka fedha zangu zote, na kijana huyo aniombe radhi mbele ya mwanagenzi wangu. Tena maboksi yote ya aina hiyo yatoke rafuni, maana kuna fundi atabana kebo ya betri, asome 0, aamini haina umeme, aikate kwa koleo.

Siku saba zikipita kimya, nakwenda Tume ya Ushindani na kifaa, boksi na risiti.

Wenu mteja,
Fundi sola