Vifuu na mafuta machafu ya Malindi

Mhariri,

Jirani yangu hapa Malindi huuza mahamri na mbaazi za nazi, na kila asubuhi akifunga biashara hubaki na vitu viwili asivyovitaka: kiroba cha vifuu, ambavyo huishia kupalia moto, na mafuta yaliyokwisha kuwa meusi, ambayo humwagwa mtaroni. Naandika kwa sababu vifuu hivyo vinaweza kusaidia kuyageuza mafuta hayo kuwa dizeli.

Niliwahi kujaribu na wanafunzi wangu kuyageuza mafuta kama hayo kwa methanoli, aina ya alkoholi, na soda ya kostiki, tukaambulia chupa ya uji wa sabuni. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi huwa na asidi za mafuta zilizojitenga, na kostiki ikikutana nazo hufanya sabuni. Asidi ya salfuriki ingeziweza, yaani ingezigeuza nazo kuwa dizeli, lakini hula mitungi ya chuma, na mwishowe lazima ukali wake uzimwe, tuseme kwa chokaa, ukabaki na jasi na maji machafu.

Mwaka 2005 watafiti wa Japani walionyesha njia nyingine. Waliunguza sukari bila hewa kwa nyuzi 400 hivi, wakaikatiza kabla haijawa makaa kamili, kisha wakaipasha moto ndani ya asidi ya salfuriki, wakapata unga mweusi ulioishika asidi mwilini mwake. Unga huo hufanya kazi ya asidi lakini hauyeyuki, kwa hivyo mafuta yakishageuka huchujwa na kutumiwa tena. Baadaye watafiti wengine walitumia mabaki ya mimea, vifuu vikiwamo. Siri yake ni kutoiva: makaa yaliyoungua sana hupokea asidi kidogo, na mchoma makaa stadi, ajabu, ndiye angeiharibu kazi.

Sisemi kwamba njia hii ni safi kabisa. Kuuandaa unga bado kunahitaji asidi kali, jambo lisilofaa kufanyiwa uani, na nguvu yake hupungua kadiri unavyorudiwa, kwa kuwa sehemu ya asidi hubanduka.

Ombi langu kwa Kaunti ya Kilifi na Chuo Kikuu cha Pwani ni kupima kwanza jambo dogo: unga wa vifuu vya hapa utastahimili mara ngapi ukitiwa mafuta ya mahamri, ambayo yana masalio ya ngano na maji, nayo maji huidhoofisha kazi hiyo. Jirani yangu amekubali kuyaweka mafuta kwenye dumu badala ya kuyamwaga. Liko barazani kwangu, limejaa nusu.

Mwalimu wa Kemia,
Malindi