Tuambieni pia ni kampuni ngapi zimepanda

Kwa Mhariri,

Ukurasa wako wa biashara hutueleza kila siku fahirisi ya NASI, yaani kipimo cha bei za hisa zote za Soko la Hisa la Nairobi, imefika wapi. Naomba muongeze mstari mmoja chini yake: kampuni ngapi zimepanda bei, ngapi zimeshuka, ngapi hazikusogea.

Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama hapa Voi, na akiba yetu kiasi fulani iko kwenye hisa. Wenzangu huniuliza, "Dada, gazeti linasema soko limepanda, mbona zetu zimelala?" Wana haki ya kuuliza. NASI huipa kila kampuni uzito kulingana na thamani yake sokoni, na Safaricom ni nzito kuliko zote. Tazama mwaka 2019. NASI ilipanda kwa zaidi ya asilimia 18, huku NSE 20, fahirisi nyingine ya soko hilo yenye kampuni 20, ambayo haiipi kampuni yoyote uzito kwa sababu ya ukubwa wake, ikishuka kwa zaidi ya asilimia 6. Mwaka huohuo hisa ya Safaricom ilitoka shilingi 22 hivi hadi zaidi ya 31. Mtu aliyesoma NASI pekee aliamini soko zima lina nguvu, naye mwenye hisa za kampuni ndogo alikuwa akihesabu hasara.

Hesabu ninayoitaka ni nyepesi. Toa idadi ya zilizoshuka katika idadi ya zilizopanda, kisha jumlisha jibu na jumla ya jana. Jumla hiyo ikipanda pamoja na fahirisi, kupanda kwa soko kuna wengi nyuma yake. Fahirisi ikipanda huku jumla inateremka, nguvu imebaki kwa wachache, na mimi hapo siwashauri wenzangu kuongeza pesa. Huko New York jumla ya namna hii ilifika kileleni mwaka 1998 ikaanza kushuka, ilhali fahirisi ya S&P 500 iliendelea kupanda hadi Machi 2000 kabla ya kuporomoka. Onyo lilikuwapo karibu miaka miwili, ingawa halikutaja siku.

Nairobi ina shida yake. Kampuni zilizoorodheshwa ni sitini hivi, na kuna siku baadhi yake hazipati hata mnunuzi mmoja. Nyingine bei husogezwa na hisa chache tu. Kwa hiyo hesabu ya siku moja siiamini sana. Ya wiki nzima naiamini, mradi zile ambazo hazikuuzwa zitajwe kando, zisichanganywe na zile ambazo bei yake haikubadilika.

Soko hufungwa saa tisa alasiri na bei za mwisho zipo wazi, kwa hiyo kuhesabu si kazi kubwa kwa meza yako ya biashara. Nafasi ya kila siku ikikosekana, tupeni jumla ya wiki katika toleo la Jumamosi.

Mweka hazina wa chama,
Voi