Barua ya wazi kwa Waziri wa TEHAMA: flashi mlizogawa haziwashi kompyuta

Mheshimiwa Waziri,

Salaam na heshima zako. Barua mbili za mwanzo kuhusu jambo hili ziliishia masjala bila majibu, ndiyo maana hii ya tatu tunaiandika hadharani.

Jumamosi iliyopita wizara yako iliadhimisha siku ya kuhamasisha umma kuhusu programu huria. Hotuba zilitolewa, fulana zikagawiwa, na kila aliyefika akapewa flashi ya GB 8 yenye Linux Mint, mfumo endeshi huria wa kutumia badala ya Windows. Watu wamefika nyumbani, wamechomeka, wamewasha, hakuna kitu. Tumezifungua baadhi. Ndani mna faili moja ya ISO, imenakiliwa kama mtu anavyonakili wimbo. Flashi ya hivyo haiwashi kompyuta hata siku moja! ISO ni nakala ya diski nzima. Lazima iandikwe kwenye flashi kwa programu ya kazi hiyo, kama Rufus au balenaEtcher, ndipo kompyuta ipate pa kuanzia. Kabla ya hapo, alama ya SHA256 ya faili, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaoonyesha kama faili imebadilika, hulinganishwa na ile iliyo kwenye tovuti ya watengenezaji, kwa sababu faili iliyoharibika wakati wa kupakuliwa hukwamisha usakinishaji katikati. Kisha flashi ya kwanza hujaribiwa kwenye kompyuta kabla ya kuandika nyingine.

Sasa mtaani neno ni moja: Linux ni mbovu. Hilo linatuuma, Mheshimiwa. Aliyejaribu akashindwa ni mgumu kumrudisha kuliko ambaye hajawahi kusikia.

Na hotuba zenyewe zilikazania "bure, bure". Bure si huria. Huria ni ruhusa ya kutumia programu kwa kazi yoyote, kuisoma ilivyoundwa, kuibadili, na kumpa jirani nakala bila kuvunja sheria. Hilo halikutajwa.

Uliahidi kwa kinywa chako kwamba mafunzo yatakuwa ya vitendo. Vitendo ni mtu kuja na kompyuta yake, akaiwasha kwa flashi bila kufuta chochote, akaona kama Wi-Fi inashika, sauti inatoka na printa inaonekana. Matatizo hujitokeza hapo hapo, fundi akiwepo. Kadi kadhaa za Wi-Fi za Broadcom hazishiki mpaka ziwekewe kiendeshi, yaani programu ya kuziendesha, kwa hiyo mezani pawe na waya wa mtandao, au simu ya kugawa intaneti kwa USB. Kompyuta yenye BitLocker, kufuli ya Windows inayofunga diski kwa siri, ikiguswa mipangilio ya kuwashia inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Mwenyewe asipokuwa nao, kazi zake zote zimefungiwa ndani. Ufunguo utafutwe kwanza. Na mtu asisakinishiwe chochote kabla kazi zake hazijanakiliwa kwenye diski ya nje. Tunadhani shughuli yenu walipewa waandaaji wa hafla, mafundi hawakuulizwa.

Haya si mambo ya kusubiri. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imesitisha msaada wa kawaida wa Windows 10, na kompyuta isiyo na TPM 2.0, sehemu ya usalama ndani ya mashine, haitimizi masharti ya Windows 11. Nyingi za mashine hizo bado nzima; zikiwa na RAM ya GB 4 Linux Mint inakaa vizuri. Wenye nazo ndio mliowapa flashi zisizowaka.

Fomu za wizara nazo bado zinatolewa kwa docx, muundo wa Microsoft Word, peke yake, wakati ODF, muundo wa wazi wa nyaraka, ni kiwango cha shirika la kimataifa la viwango, ISO, tangu 2006. Anayefuata ushauri wenu na kutumia LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi, hukuta majedwali yamehama, hasa pale fonti ya Calibri inapokosekana na mbadala wake, Carlito, haujawekwa.

Tunaomba meza moja katika kila maktaba ya umma, mafundi wawili, kila Jumamosi. Meza moja tu, Mheshimiwa, na mafundi wawili. Flashi mlizogawa tutaziandika upya bila malipo; watangazieni watu wazirudishe, na mtuambie tuzifuate wapi.

Wako katika kazi,
Wahamasishaji wa programu huria