Kuhusu ule unga wa lishe

Kibaigwa, 9 Juni

Mama Pendo, shoga yangu,

Salaam sana. Huku tu wazima, mavuno yameanza kuingia na vumbi la sokoni ni lile lile. Ujumbe wako wa sauti niliusikia mashine yangu ya kusaga ikinguruma, nikaurudia usiku baada ya kufunga: kwamba unga wako wa lishe wa watoto, wa mahindi na karanga, umekutwa na sumu maabara, na unauliza ufanye nini nao. Jambo kama hilo silijibu kwa simu huku nimeshika debe, kwa hiyo nimekaa nikuandikie barua kama enzi zetu za bweni.

Nianze na jibu unalolisubiri: huo unga usiuuze. Hata kilo moja, hata kwa bei ya kutupa, hata kwa yule mteja aliyekwisha kulipia. Maabara wamekuandikia mikrogramu 38 za aflatoksini, yaani sumukuvu, kwa kilo, na kikomo cha Afrika Mashariki kwa nafaka zetu ni 10 kwa jumla, 5 kwa ile kali zaidi wanayoiita B1. Hapo hakuna la kujadili. Na ukishauondoa kwenye rafu usimwagie kuku, wala usimwite yule mama wa komoni aje auchukue bure. Sumukuvu haiogopi sufuria, na pombe haiitoi yote. Chakula kilichokataliwa mjini kina tabia ya kumtafuta mtu maskini zaidi amalizane nacho. Chimba shimo, fukia.

Sasa lile swali lako lingine, ambalo ndilo limeninyima usingizi. Umesema, "Nisingepima ningekuwa nauza kwa amani. Wenzangu wa meza ya pili hawapimi, na wanauza wakicheka. Sasa kupima ndiko kumenifanya mkosaji?"

Hapana. Lakini pia sikubali kwamba ulikuwa na amani kabla ya kupima. Ulikuwa na bahati ya kutokuulizwa.

Kuna kutojua kwa aina mbili. Mwaka 2016, ugonjwa wa sumu hii ulipozuka kwetu huku Dodoma na kule Manyara, watu 68 waliugua na 20 wakafariki. Macho ya manjano, matumbo kujaa, kutapika. Wengi walikuwa wamekula mahindi ya kihenge chao wenyewe. Hakuna muuzaji aliyewadanganya. Kenya mwaka 2004 ilikuwa vivyo hivyo kule Makueni na Kitui na jirani zake: waliougua 317, waliokufa 125, na mahindi mengi yalikuwa ya shamba la nyumbani, yamewekwa ndani yangali na unyevu. Mtu wa namna hiyo hakujua kwa sababu hakuna aliyemfikishia elimu. Yeye hana kosa hata chembe.

Lakini elimu yenyewe ilikuwepo. Mwaka 1960 huko Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa ghafla, wataalamu wakafuatilia mpaka kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil, wakamkuta kuvu na sumu yake. Tanganyika ilikuwa bado haijapata Uhuru! Kwa hiyo mimi niliye na mashine, nyie mnaofungasha, dalali mwenye mizani na simu tatu, sisi hatuwezi kusimama pamoja na bibi wa kijijini Chemba aliyekula mahindi ya kihenge chake tukasema nasi hatukujua. Sisi tuna namna ya kujua, ila kujua kuna gharama. Tofauti kati yako na wa meza ya pili ni kwamba wewe umeilipa.

Mwalimu wetu wa madrasa alipenda kutusimulia habari ya Mtume kupita sokoni, akaingiza mkono katika lundo la nafaka, vidole vikatoka na unyevu. Akamuuliza mwenye lundo ni nini hiki. Akajibiwa ni mvua. Akamwambia, mbona hukuiweka juu watu waione? Nimeifikiria sana habari hiyo wiki hii. Yule mfanyabiashara angeweza kugeuza lundo lake na mambo yakaisha, kwa sababu unyevu unaonekana. Mahindi yetu yakishalowa kisha yakakauka hayana la kuonyesha. Punje inaweza kuwa nyeupe, safi, haina harufu, na sumu imo. Mnunuzi hata akiingiza mkono mpaka kwapani hatapata kitu. Ndiyo maana nasema kwa mauzo ya aina yetu mkono unaoingia lundoni ni wa muuzaji, maana wa mnunuzi umeshindwa.

Na hata kipimo chenyewe kina hila zake, sikufichi. Sumu hii haisambai sawasawa. Punje chache zinaweza kubeba mzigo wa gunia zima. Ukichota juu juu kwenye gunia moja ukapeleka, unaweza kurudi na cheti kizuri cha mahindi mabaya. Nimeona watu wakifanya hivyo makusudi, wanachagua punje za kupeleka maabara kama wanachagua za kupeleka ukweni. Piga bambo, kile chuma cha kuchotea nafaka ndani ya gunia, kila gunia, juu, katikati na chini, changanya vizuri, saga, ndipo upeleke. Cheti kilichopatikana kwa ujanja ni kibaya kuliko kukosa cheti.

Umeniuliza pia kama uwaambie wale kinamama wa kliniki. Waambie, lakini si kwa tangazo la kubandika mlangoni. Wateja wako unawajua. Mpigie mmoja mmoja, mwambie unga wa awamu ile haukupita, alete mfuko uliobaki, umrudishie hela yake. Akikuuliza mwanawe amekwisha kula itakuwaje, usimtishe na usimdanganye. Kule Kenya mwaka 2004 kulikuwa na sampuli za mahindi zilizovuka 1,000, kwa hiyo 38 yako haiko katika kundi la kuangusha mtu kwa siku chache. Ila usimwambie haina neno. Hii ni sumu ya kidogo kidogo: saratani ya ini, hasa kwa mwenye homa ya ini aina B, na watafiti wameihusisha na udumavu wa watoto. Mtoto akiwa na macho ya manjano au tumbo limevimba, hospitali moja kwa moja.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema mnunuzi akishaambiwa basi, ni hiari yake. Hiari gani? Mama huyo ukimwambia unga wako una sumu ukaishia hapo, jioni atasaga mahindi ya nyumbani kwake, yaliyoanikwa chini kwenye udongo, ambayo hakuna aliyeyapima wala atakayeyapima. Utakuwa umetua mzigo wako kichwani kwake, ukaondoka mwepesi. Ukimwambia, mwambie na la kufanya: aanike juu ya turubai, achambue punje zilizopasuka, zilizobadilika rangi na zilizoliwa na wadudu, asitunze mpaka zikauke kweli. Na mpe unga mwingine.

Huo mwingine uwe upi? Punguza karanga, au zitoe kabisa. Najua ndizo zinazoleta utamu na ndizo mtoto anazopenda, lakini karanga na mahindi ndivyo vinavyoongoza kwa sumu hii, na unga wa lishe wa kila mtu umebeba vyote viwili. Tena ulizia karanga unazonunua kwa bei nafuu zimetoka wapi. Ninaziona hapa: zikishachambuliwa, nzuri huenda kwa wanaouza karanga nzima, na zile zilizosinyaa na kuvunjika hupata jina jipya la "karanga za kusaga". Zikishasagwa nani atazitambua? Mtama na uwele hupata sumu kidogo kuliko mahindi. Soya pia ni afadhali.

Kuna jambo la kwangu pia ambalo sijalipatia ufumbuzi, nami naliweka mbele yako maana nisikuhubirie tu. Wateja siku hizi wanataka dona. Wameambiwa dona ina afya, na ni kweli, lishe nyingi imo kwenye kiini na ganda. Bahati mbaya sumu nayo hujazana huko huko. Mahindi yakikobolewa yakawa sembe, sehemu kubwa ya sumu hutoka na pumba. Kwa hiyo mahindi yakiwa mazuri, dona ni bora. Yakiwa na mashaka, sembe ni salama zaidi. Hilo namweleza mteja na wengi hunielewa. Lakini pumba? Hununuliwa siku hiyo hiyo na wafugaji. Ng'ombe wa maziwa akila, sumu hupita kwenye maziwa ikiwa imebadilika umbo kidogo, wanaiita M1. Na maziwa anakunywa nani? Mtoto yule yule niliyemkobolea sembe. Pumba ndizo zinazolipa umeme wa mashine. Kwa sasa mzigo wenye mashaka sikoboi, namrudishia mwenyewe na kumwambia kwa nini, naye hubeba gunia lake mpaka mashine ya jirani.

Hilo la jirani linanikumbusha Machi 2021, Kenya iliposimamisha mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Hapa soko lilichafuka, kila mtu akasema ni vita vya biashara, na huenda biashara haikukosekana. Zuio halikudumu, lililegezwa ndani ya siku chache kwa sharti la vyeti. Ila katika kelele zote zile sikusikia mtu akiuliza: lori likigeuzwa mpakani Namanga, mahindi yanakwenda wapi? Hayatupwi, Mama Pendo. Yanarudi kuwa ugali wetu.

Mwanao mkubwa, yule anayesoma mambo ya chakula, mwambie akusomee viwango vya Ulaya. Vyakula vya nafaka vya watoto wachanga kule vinaruhusiwa B1 isiyozidi mikrogramu 0.1 kwa kilo. Kwetu mahindi ni 5. Naelewa sababu, ukiweka 0.1 hapa tutakufa njaa kabla ya saratani kutufikia. Lakini wewe unasagia watoto wa miezi sita. Hakuna sheria inayokukataza kujiwekea kikomo kikali kuliko cha serikali, na mimi nadhani ufanye hivyo, uwaambie wateja wako kwamba umefanya hivyo, na upandishe bei kidogo bila aibu. Wa meza ya pili atauza zaidi yako kwa muda. Itauma.

Kuhusu hasara ya sasa, tuzungumze kwa namba. Nimekutengea magunia mawili ya mtama wa Kongwa, umekaushwa kwenye turubai na uko ndani ya mifuko isiyopitisha hewa. Usiuchukue kwa kuwa ni wangu. Nitaupiga bambo mbele ya kijana wako ukimtuma, sampuli aibebe yeye, na gharama ya kipimo tugawane nusu kwa nusu. Ukifaulu, nitaupakia kwenye basi la Jumatatu, kijana wako ataupokea stendi ya Msamvu, Morogoro. Pesa ya mtama nilipe ukishauza, sina haraka nayo. Ya kipimo ndiyo naitaka mapema, maana maabara hawakopeshi.

Pendo nimemwekea ubuyu, asije akaupiga bei shuleni. Nijibu kabla ya Ijumaa, kuna mtu wa Gairo ameshaliona gunia moja na hanyamazi.

Mwenzio,
Mama Tumaini